Re: Kliniki ya TB na CTC haziongei, mgonjwa anaumia

Habari mkuu. Nimekupata, TB wanaanzisha rifampisini (dawa ya TB), CTC (kliniki ya VVU) hawana habari, mgonjwa anaendelea na DTG (dolutegravir, dawa ya VVU) 50 mg mara moja kwa siku wakati inatakiwa asubuhi na jioni, maana rifampisini inaishusha kwenye damu.

Kabla ya kuitisha vikao cheki kwanza kadi ya CTC, dawa za TB zimeandikwa au hamna? Kwetu aliyetuokoa ni mfamasia, yeye ndo anaona dawa zote dirishani, akikuta rifampisini bila dozi ya jioni ya DTG anampigia daktari kabla mgonjwa hajaondoka. Kuna madaktari walinuna mwanzoni, wakazoea. Matibabu ya TB yakiisha dozi ya jioni inaendelea wiki 2 ndo inakatwa, hapo nesi wa TB ndo awaambie CTC. Kama kwenu mnatumia kompyuta sijui, sisi ni makaratasi tu.