Mfuko mmoja kwa kila bustani: hesabu inayounguza nyasi na biashara pamoja

SWALI: Nilianza kwa kukata nyasi majumbani, sasa wateja wanataka niwawekee na mbolea. Kwa bustani yenye nyasi za mita za mraba 800 hivi nimekuwa nikiweka mfuko mmoja wa kilo 50, na kumtoza mwenye nyumba bei ya mfuko mara mbili. Mara ya kwanza niliweka NPK 17-17-17, nyasi zikapendeza. Mara ya pili nikaona urea ni nafuu, nikaweka mfuko mmoja vilevile. Siku nne baadaye ikatokea michirizi ya manjano na mteja anataka fidia. Je, urea haifai kwa nyasi? Nichague mbolea gani, na nitoze vipi ili nami nipate kitu?

JIBU: Urea haina kosa, ndugu yangu. Kilichounguza nyasi za mteja wako ni neno ulilolirudia mara tatu katika swali lako: mfuko.

Mfuko ni chombo cha kubebea. Kinachopimwa ni nitrojeni, na namba ya kwanza ubavuni mwa mfuko ndiyo asilimia yake kwa uzito. Ule wa 17-17-17, yaani asilimia 17 ya nitrojeni kisha fosforasi na potasi, ulikuwa na kilo 8.5 za nitrojeni. Ule wa urea, yenye asilimia 46, ulikuwa na kilo 23. Tandaza kwenye mita za mraba 800: wa kwanza unatoa gramu 10 na ushei kwa kila mita ya mraba, wa pili karibu gramu 29. Kwa mbolea inayoyeyuka haraka, mimi sivuki gramu 5 za nitrojeni kwa mita ya mraba kwa mara moja. Kwa hiyo hata hiyo NPK unayoisifu ilikuwa mara mbili ya kipimo, uliponea chupuchupu tu. Urea ilikaribia mara sita. Bustani ile ilihitaji kilo 8.7 za urea, basi. Kilo 41 zilizobaki ulipaswa kurudi nazo nyumbani.

Ila hukurudi nazo, na najua sababu. Hili ndilo linalonichosha kila nikisoma maswali ya namna hii. Anayetoza kwa mfuko hawezi kuondoka na mfuko uliobaki zaidi ya nusu, maana mteja ameuona ukishushwa na anajua ameulipia. Akiona unaurudisha garini atasema umemwibia. Basi unamwaga wote. Bei uliyoipanga mezani ndiyo iliyoamua kipimo shambani, na ilipaswa kuwa kinyume. Nimeshawahi kumuuliza kijana mmoja mwenye vifaa vizuri kabisa, mizani na kigari cha kusambazia, kwa nini hapimi. Akanijibu kwamba akipima, mbolea inabaki.

Niliwahi kuitwa kuangalia bustani iliyoungua hivyohivyo. Michirizi ilifuata mkono wa aliyerusha: hatua tatu, mchirizi, hatua tatu, mchirizi. Karibu na mlango palikuwa na duara lililokufa kabisa, upana wa sahani, mahali mfuko uliotoboka ulipowekwa chini. Ukichutama uliona punje nyeupe zimenasa kwenye mashina, hazijaoshwa. Na bado mwenye nyumba alikuwa ameshauziwa dawa ya wadudu! Mtu alipita, akatazama kutoka getini, akasema ni funza wa udongo. Hakuinama hata kuvuta unyasi mmoja. Funza wakila mizizi, nyasi hunyanyuka kama mkeka. Zile zilishika ardhi barabara, na ukichana shina chini kabisa ulikuta kitovu cheupe, kigumu. Kilichoyaunguza majani ni chumvi ya mbolea iliyoyanyonya maji, nayo haihitaji dawa. Inahitaji maji mengi kwa siku kadhaa ili chumvi ishuke chini ya mizizi, na kuacha kuongeza chochote. Fanya hivyo kwa mteja wako leo. Pale kitovu kilipo cheupe, nyasi zitarudi. Pale kilipogeuka kahawia na kulegea, pandikiza vipande upya kwa gharama yako, wala usibishane naye.

Sasa uchaguzi. Acha kulinganisha bei za mifuko, linganisha bei ya kilo ya nitrojeni. Bei ya mfuko wa urea igawe kwa 23. Ya CAN, mbolea ya nitrojeni yenye kalsiamu, ya asilimia 26, igawe kwa 13. Ya 17-17-17 igawe kwa 8.5, na hapo utaona kwamba sehemu kubwa ya hela yako inanunua fosforasi na potasi. Nyasi zilizokwisha kushika ardhi huwa hazina njaa kubwa ya fosforasi. Hiyo ni kazi ya mbolea ya kupandia, mizizi ikiwa bado michanga, au pale kipimo cha udongo kimeonyesha upungufu. Ukiimwaga kila safari kwa sababu NPK inasikika kama mlo kamili, mvua itaibeba hadi kwenye mfereji, na huko italisha mwani.

Mbolea inayoyeyuka taratibu, ile ambayo punje zake zimefunikwa kwa salfa au plastiki, itakutisha bei. Mfuko wa kilo 25 wenye asilimia 24 una kilo 6 tu za nitrojeni. Hata ukiuzwa sawa na mfuko mkubwa wa urea, nitrojeni yake ni ghali karibu mara nne. Lakini usikimbie kabla hujahesabu safari. Kwa kuwa haitoki yote kwa mpigo, unaweza kuweka kipimo kikubwa zaidi kwa mara moja, na safari mbili zikawa moja. Kwenye bustani ndogo iliyo mbali, mafuta ya gari na nusu siku ya kibarua hupita kwa mbali gharama ya mbolea yenyewe. Mimi hupeleka urea kwa mteja wa karibu mwenye maji ya uhakika, na ile ya taratibu kwa wa mbali au asiyemwagilia. Urea bila maji ni kutupa hela hewani kwa maana halisi: ikikaa juu ya nyasi, sehemu yake hugeuka gesi ya amonia na kupotea. Weka kopo tupu katikati ya bustani na umwagilie mara tu unapomaliza, mpaka maji yafike milimita 6 hadi 12.

Kuhusu bei, kwanza pima nyasi zenyewe kwa tepu. Mteja atakutajia ukubwa wa kiwanja, na ndani yake kuna nyumba, maegesho na vitalu vya maua. Kisha tenga bei mbili: bei ya kufika, ambayo hushuki chini yake hata kama nyasi ni za ukubwa wa chumba, na bei ya kila mita 100 za mraba. Ndani ya bei ya kufika weka saa zote, tangu unapotoka hadi unapomaliza kufagia punje zilizoangukia njiani, pamoja na fungu la kuchakaa kwa vifaa na la siku utakayorudi bure kurekebisha kosa. Halafu faida. Wengi huongeza theluthi juu ya gharama wakidhani theluthi ya bei ni yao. Gharama ikiwa 100 na ukatoza 133, faida ni robo ya bei. Ukitaka theluthi, gawa 100 kwa 0.67, utapata karibu 149.

Kwa mita 100 za mraba, urea unayohitaji ni kilo 1.1 hivi, haifikii hata robo ya ndoo ya lita 10. Igawe mara mbili, nusu uirushe ukitembea kwa urefu, nusu kwa upana, na michirizi itakwisha. Mteja akiguna kwamba umeweka kidogo, mwonyeshe mizani. Mfuko acha garini.

Najua lakini kwamba ukianza kupima, jirani atakuja na chupa ya mbolea ya maji. Siku hizi waganga wa nyasi wamehamia kwenye maji: "lita moja sawa na mfuko mzima." Fanya hesabu ukiwa umesimama palepale. Lita ya mbolea ya maji yenye asilimia 8 ya nitrojeni ina takriban gramu 100 za nitrojeni. Kwa kipimo cha gramu 5, hiyo inatosha mita za mraba 20. Mfuko wa urea unatosha 4,600. Chupa nyingine hukijanisha nyasi kwa siku mbili kweli, lakini ukisoma lebo unakuta ni chuma tupu: rangi inakolea, nyasi hazijala kitu, na sakafu ya saruji inabaki na madoa ya kutu yasiyotoka kwa sabuni wala brashi. Chuma kina kazi yake, nami hukitumia kwa mteja mwenye sherehe wiki hiyo, na humwambia hivyo. Wanaoniudhi ni wale wasioandika asilimia kabisa. Ukimuuliza muuzaji nitrojeni ni ngapi akakujibu kwamba ni fomula ya siri, mrudishie chupa yake, na usiruhusu hata akuonyeshe kwenye kona ya bustani ya mteja wako.