Asili ya jina "aldehidi"

Jina hili ni kifupisho cha Kilatini, alcohol dehydrogenatus, yaani alkoholi iliyoondolewa hidrojeni. Aliyelibuni ni Justus von Liebig, mkemia Mjerumani, mwaka 1835. Tazama ethanoli, alkoholi ya vileo, CH₃CH₂OH: ng'oa atomu mbili za hidrojeni, moja iliyo kwenye oksijeni na nyingine kwenye kaboni iliyoshikana na oksijeni hiyo, unabaki na CH₃CHO. Hiyo ndiyo aldehidi yenyewe aliyoipa jina, kisha jina likaenea kwa familia nzima yenye kundi la CHO. Tafadhali usilisome neno dehydrogenatus kama "kuondoa maji", hilo ni tendo jingine kabisa. Halafu si kila alkoholi huzaa aldehidi. Kundi la OH likiwa kwenye kaboni ya katikati ya mnyororo, unapata ketoni, familia nyingine ambayo kaboni yake iliyoshika oksijeni imeungana na kaboni pande zote mbili.