Jibu: Kukubali kusafiri hakumfanyi binamu yako kuwa mkosaji

Dada, umeuliza iwapo binamu yako, aliyeahidiwa kazi ya saluni Nairobi kisha akalazimishwa kufanya ukahaba, anaweza kushtakiwa kwa kuwa alipanda basi Arusha kwa hiari yake na sasa hana hati. Hawezi. Sheria ya Kenya ya mwaka 2010 dhidi ya usafirishaji haramu wa binadamu inasema ridhaa ya mwathiriwa haina uzito pale ambapo udanganyifu, vitisho au nguvu vilitumika, na inamkinga asishtakiwe kwa kuwamo nchini bila kibali au kwa kosa lililotokana moja kwa moja na masaibu hayo. Aliyemsafirisha ndiye anayekabiliwa na kifungo kisichopungua miaka 30, faini isiyopungua shilingi milioni 30, au vyote viwili.

Huenda kinachomfunga mdomo ni deni. Msichana niliyewahi kumsindikiza kituoni alikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne, imeandikwa nauli, chakula, hata sabuni, kila kimoja na bei yake, naye bado aliamini kwamba ni lazima alipe.

Msimharakishe kusimulia. Ikiwa hazijapita saa 72 tangu alipoingiliwa mara ya mwisho, mpelekeni hospitali kwanza, apewe dawa za kuzuia maambukizi ya VVU. Nguo alizovaa msizifue, bali ziwekeni kwenye mfuko wa karatasi. Shirika la HAART, lililopo Nairobi, huwasaidia manusura kupata makazi, ushauri nasaha na msaada wa kisheria.