Kuhamia oili ya sintetiki kwenye gari la zamani

Ndugu, umeuliza kama gari lililotembea kilomita 240,000 kwa oili ya kawaida litaharibika ukiliwekea ya sintetiki. Halitaharibika, kwani oili hizo huchanganyika bila madhara. Uvujaji ambao watu huilaumia oili ya sintetiki hutokana na sili (mipira ya kuzuia oili isivuje) zilizokwisha kukakamaa, ambazo nyufa zake zilikuwa zimezibwa na utando wa uchafu ambao oili mpya huuondoa. Kwa hiyo, kabla ya kubadili, pangusa injini kwa chini, kisha tandika kipande cha boksi chini ya gari usiku kucha (mimi hukiamini kuliko macho yangu). Ukikuta matone, badilisha sili kwanza. Fuata mnato ulioandikwa kwenye kitabu cha gari, mathalani 5W-30, weka filta mpya, na upime oili kwa kijiti kila wiki katika mwezi wa kwanza.