Maswali na majibu: lango la Septemba, pampu ya sola na milingoti ya mzee

Safari hii barua zimetoka Mbarali, isipokuwa moja ya Mufindi. Nimezifupisha.

Shikamoo. Tulijengewa banio la zege, la kuingiza maji ya mto mferejini, na kibali cha kutumia maji tunacho. Wenzetu wa chini wanasema tunakausha mto. Kosa letu nini? (Chimala)

Marahaba. Kibali mnacho, sawa, lakini kitoeni kwenye faili mkasome mmeruhusiwa kuchukua kiasi gani na miezi ipi.

Banio la zamani la mawe, miti na magunia lilikuwa likivuja, na kile mlichokiita kuvuja ndicho walichokunywa wa chini. La zege halivuji. Lango likiachwa wazi Septemba, mto wote unaingia mferejini kwenu, na Septemba hamna hata jaruba moja lenye mpunga! Nimeshasimama kwenye mfereji wa namna hiyo: akina mama wanafua, vijana wanafyatua matofali, kisha maji yanaishia kwenye matete.

Utasema watu lazima wanywe. Tupige hesabu. Lita 1 kwa sekunde ni lita 86,400 kwa siku. Kijiji cha watu 3,000, kila mtu lita 25, ni lita 75,000. Yaani lita 1 kwa sekunde inawatosha na chenji inabaki, ikiwa inapita kwenye bomba au inatoka kisimani. Mfereji wa udongo unaopitisha lita 50 kwa sekunde unachukua zaidi ya lita milioni 4 kwa siku ili kijiji kijaze ndoo. Jumuiya yenu ya watumia maji ianze na visima vya kunywa, halafu lango lifungwe kiangazi. Ukifunga kabla ya visima, litavunjwa usiku, na mimi sitawalaumu waliolivunja.

Maji mnayoachia yanakwenda ardhioevu ya Ihefu, yanatokea Ng'iriama kwenye mdomo wake, yanapita Hifadhi ya Ruaha hadi Mtera na Kidatu kwenye mitambo ya umeme. Mto Ruaha Mkuu ulianza kukatika kiangazi ndani ya hifadhi mwaka 1993. Viboko hawana kibali, ila sheria inawatambua: binadamu kwanza, mazingira yanafuata, ndipo mashamba.

Nataka kuchimba kisima kirefu, niweke pampu ya sola nimwagilie vitunguu. Maji yaliyo chini ya shamba langu si yangu? (Rujewa)

Si yako. Kwa Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009, maji ya juu na ya chini ni ya umma. Kabla ya kuleta mtambo, nenda Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji, makao yake Iringa, uulize kuhusu kibali.

Sola naipenda, ila ina mtego. Pampu ya dizeli ilizimwa na bei ya mafuta. Jua halidai hela, kwa hiyo pampu inavuta kutwa nzima hata vitunguu vikishatosheka. Na kisima kikiwa karibu na Mto Mbarali, huenda unavuta mto uleule kwa mlango wa nyuma.

Chukua kamba, piga fundo kila nusu mita, funga jiwe mwishoni. Kila wiki, alfajiri kabla ya kuwasha pampu, teremsha, hesabu mafundo makavu, andika kwenye daftari. Kiangazi yataongezeka, hilo ni kawaida. Ila masika yakiisha na maji hayajarudi pale yalipokuwa masika yaliyopita, unavuta kuliko ardhi inavyojazwa. Punguza eneo, na wahimize majirani nao wapime.

Kilimo shadidi cha mpunga kinaokoa maji kweli? (Ubaruku)

Kinaokoa. Unapanda mche mmoja mmoja ukiwa mchanga, wa siku 8 hadi 12, na jaruba unalilowesha na kulikausha kwa zamu badala ya kulijaza muda wote. Magugu yatakusumbua, jiandae na palizi. Swali langu kwako: maji uliyookoa yameenda wapi? Kama umefungulia ekari mpya, mto haujapata kitu.

Vinyungu vyetu, bustani za kiangazi, viko bondeni, na juu ya chemchemi mzee wangu alipanda milingoti (mikaratusi). Tunaambiwa tusifanye shughuli ndani ya mita 60 kutoka kwenye maji. (Mufindi)

Kamwene. Ndiyo, ni Sheria ya Mazingira ya 2004, na mita hizo zinaanzia ukingoni mwa maji. Mazungumzo ya vinyungu ni marefu, kayaanzeni na ofisi ya kijiji. Ila milingoti pale kwenye chemchemi haina mjadala, inakunywa mno. Mwambie mzee aivune, auze nguzo, na visiki msiviache vichipue.