Gemu ya sauti ya wasioona kwenye App Store na Play Store: sheria zipi zinambana developa mdogo?

SWALI: Natengeneza gemu za sauti za watu wasioona, niko peke yangu. Mpaka sasa nauza za kompyuta tu, mtu akilipa namtumia namba ya leseni anafungua gemu nzima. Wachezaji wanaomba ya simu, nikajaribu kuituma kwenye stoo moja ikarudishwa, eti skrini haina kitu. Halafu nasikia wanakata asilimia 30. Inalipa kweli au nibaki kwenye kompyuta?

JIBU: Mkuu, hiyo asilimia 30 inawatisha wengi ila wewe wala haikuhusu. Apple tangu Januari 2021 wana mpango wa biashara ndogo, ukiwa unaingiza chini ya dola milioni 1 kwa mwaka wanakata 15, ila lazima uombe mwenyewe, haiji yenyewe. Google nao Julai 2021 wakashusha mpaka 15 kwa dola milioni 1 ya kwanza ya kila mwaka. Siku gemu yako ikivuka hapo utakuwa na wanasheria, hutaniuliza mimi.

Ada ya akaunti ndo upigie hesabu. Google ni dola 25 unalipa mara moja basi, Apple ni dola 99 kila mwaka. Tuseme gemu unaiuza dola 3, wakikata chao unabaki na 2.55, kwahiyo inabidi uuze kopi 39 kila mwaka ndo urudishe ada tu, hujala kitu. Mwaka wa kwanza sawa, ila gemu ya hadithi mtu ananunua mara moja, na soko lenyewe dogo, mwaka wa nne hao 39 wapya wanatoka wapi? Na ukiacha kulipa gemu inatolewa stoo, waliokwisha kuipakua wanaendelea kucheza lakini mpya hapati.

Namba za leseni sahau kabisa kwa upande wa Apple, kanuni 3.1.1 inazitaja kwa jina kwamba haziruhusiwi kufungulia kitu ndani ya apu. Fanya hivi, gemu iwe bure kupakua, sura ya kwanza ichezeke, zilizobaki zinafunguliwa kwa manunuzi ya ndani ya apu, mtu analipa mara moja. Waliokwisha kununua ya kompyuta wape akaunti waingie nayo, hiyo inakubalika ila kitu kilekile lazima kiuzwe na ndani ya apu pia. Na usisahau kitufe cha kurudisha manunuzi (kwa aliyekwisha lipa akibadili simu), nacho VoiceOver, yaani kisoma skrini cha iPhone kinachosema kwa sauti kilichopo kwenye skrini, ikisome, nimeshaona gemu ya wasioona ambayo kila kitu kinasomeka isipokuwa sehemu ya kulipia, sasa hapo unamuuzia nani?

Kuhusu skrini tupu, anayekagua mara nyingi anaona vizuri, kafungua apu akiwa hajawasha kisoma skrini, kaona weusi, kagusa gusa, kaandika haijakamilika. Hana ubaya na wewe. Kwanza weka kitu kwenye skrini hata kama wachezaji wako hawakihitaji, jina la gemu, menyu ya maandishi makubwa, na maneno yanayosemwa yatokee, wenye uoni hafifu watakushukuru. Pili, kuna sehemu ya maelezo kwa mkaguzi, usiiache wazi: mwambie hii ni gemu ya sauti, avae hedifoni, awashe VoiceOver hivi, ateleze kidole hivi, na umwekee video fupi mtu akiicheza. Skrinishoti pia, Apple wanataka zionyeshe apu ikitumika, picha nyeusi haitapita. Wakikataa tena wajibu palepale kwa hoja, na rufaa ipo.

Google wana lao. Akaunti ya mtu binafsi iliyofunguliwa baada ya tarehe 13 Novemba 2023 lazima uwe na watesta (watu wa kuijaribu gemu) 12 (zamani walikuwa 20) waliojiunga siku 14 mfululizo ndo uombe kutoa gemu kwa umma. Hawalazimiki kuwa wasioona, marafiki wanahesabika, ila kama hakuna hata mmoja anayetumia TalkBack, kisoma skrini cha Android, umetimiza sheria tu, gemu hujaitesti. Jua pia ukianza kuuza Play Store anwani yako kamili inaonekana kwa watu, kama kazi unafanyia nyumbani lifikirie hilo kabla hujabonyeza.

Sasa kinachoua gemu hizi, na sioni kikiongelewa vya kutosha, ni sheria za matunzo. Google kila mwaka wanasogeza kiwango, kwa mfano kuanzia tarehe 31 Agosti 2025 apu mpya na apdeti lazima zilenge Android 15, na apu iliyoachwa nyuma sana inafichwa kwa watumiaji wapya wenye simu za kisasa. Apple wao apu isiyoguswa miaka mitatu na inayopakuliwa kidogo sana inaandikiwa barua, una siku 90 uiapdeti au itoke. Lengo lao ni kufagia takataka, sawa, ila kipimo ni idadi ya wapakuaji, na gemu ya wasioona ina wapakuaji wachache kwa asili yake, hata ikiwa nzuri vipi na imekamilika haina cha kuongeza. Mwaka 2017 iOS 11 ilipoacha apu za biti 32 (muundo wa zamani), ambazo developa wake alishaondoka ndo zikafa hivyohivyo.

Halafu apdeti yenyewe ni hatari. Unapandisha toleo la injini (programu unayotengenezea gemu) ili ukubalike stoo, plagini (nyongeza ya injini) ya kusoma skrini inakatika kimyakimya, menyu haisemi tena, na mkaguzi hatagundua maana yeye anaangalia kwa macho, anapitisha. Kwahiyo kama injini yako ni Unity tumia mfumo wao wenyewe wa visoma skrini, upo kwa simu tangu toleo la 2023.2, usitegemee plagini ya mtu aliyeiacha. Na kila ukijenga toleo jipya lipitie lote ukiwa umezima skrini, kuanzia kufungua hadi kulipa, kabla ya kutuma.

Ningekuwa wewe kompyuta nisingeiacha, ndo sehemu leseni zako zinafanya kazi na hakuna wa kukufagia. Ningeanza na Android kwa ile dola 25, watesta nikawatafuta haohao wanaoomba ya simu, alafu Apple ningeingia pale tu nikishahesabu wanunuzi wa iPhone wanaotosha kulipa ada ya miaka miwili mitatu, sio mmoja.