Faili Limetumwa, Faili Halikufika

Juzi usiku msomaji wangu mmoja wa Wete kaniandikia: "Dada, nimepakua fomu ya mkopo wa kikundi chetu cha mwani. Faili nimeliona kwa macho yangu, kufumba na kufumbua halipo. Nimeizima antivairasi ili nipakue tena. Nimekosea?"

Usingizi ukaniruka. Mwaka 2019 antivairasi, ile programu inayokamata mafaili ya hatari, ilinikosesha kazi, na machungu yake sijayasahau.

Nilikuwa na ofisi ya mahesabu pale Mlandege, chumba kimoja na feni moja. Hoteli moja ya pwani ya mashariki ilitafuta mtu wa kuwashikia vitabu, mwisho wa kupeleka bei saa kumi alasiri. Siku tisa nilijenga jedwali la Excel lenye makro: ukiingiza idadi ya vyumba, lenyewe linakupigia mishahara, kodi na kinachobaki. Mpaka leo sijatengeneza kitu kizuri kama kile. Saa saba kasorobo, nimeshaswali adhuhuri, nikaliambatisha, nikatuma, nikatulia roho.

Wiki mbili kimya. Nikapanda gari nikaenda mwenyewe. Bwana aliyenipokea hakunifokea, aligeuza tu kompyuta nione. Baruapepe yangu ipo, salamu zipo, jina langu lipo chini. Pale palipokuwa na jedwali pana kifaili cha maandishi, mistari miwili ya Kiingereza: kiambatisho kimeondolewa kwa sababu za usalama.

"Sisi tulidhani umeghairi," akasema. Kazi keshapewa mwengine.

Neno lile bado limenikaa kooni. Walikuwa na namba yangu ya simu, na hakuna aliyeniuliza.

Baadaye ndipo nilipojifunza. Makro ni programu ndogo iliyojificha ndani ya jedwali au waraka, na waovu waliijua mapema: kirusi cha Melissa, Machi 1999, kilisafiri ndani ya waraka wa Word na kujituma chenyewe kwa watu 50 wa mwanzo katika orodha ya anwani za aliyeufungua. Ndiyo maana milango imekazwa. Gmail haipokei faili la .exe, yaani programu inayojiendesha ukiifungua, hata ukilizipu, na tangu 2022 Microsoft huzizuia makro za mafaili yaliyotoka kwenye intaneti. Jedwali langu halikuwa na kosa, lakini mlinzi wa mlangoni hakunijua.

Leo nashika vitabu vya hoteli saba, kutoka Nungwi mpaka Makunduchi, na sijapoteza tena kazi kwa faili. Bei natuma kwa PDF. Nikishatuma napiga simu, na siulizi "umepata?" Nauliza "limefunguka?" Ndugu zangu, pigeni simu! Tunaona haya kusumbua watu, kisha tunakaa kulia peke yetu. Riziki yako usiiachie mashine ikusemee. Piga simu.

Na wewe mdogo wangu wa Wete, iwashe antivairasi sasa hivi. Ndani yake tafuta orodha ya vilivyokamatwa, wengine huiita karantini. Aghlabu faili huwa halijapotea, limefungiwa humo. Litazame jina lake lote mpaka mwisho. Windows huzificha herufi za mwisho usipoiamuru izioneshe, kwa hiyo kitu kinachoitwa fomu.pdf.exe wewe utakiona fomu.pdf tu. Fomu haiishii .exe hata siku moja. Likiwa ni PDF ya kweli na aliyekutumia unamjua, lirejeshe hilo peke yake, mlinzi umwache kazini. Ukiwa na shaka, tovuti ya VirusTotal hulipitisha faili kwenye antivairasi nyingi kwa mpigo, ila usipandishe huko mikataba wala vitambulisho, kwani unachopandisha watu wengine wanaweza kukipata. Na aliyekutumia mpigie simu.

Jana kanijibu. Kalitazama: nyuma ya .pdf ipo .exe. Nikamuuliza huku moyo unanidunda, baada ya kuizima, ulilipakua tena?

"La, dada. Bando lilikwisha."

Nikamwambia asinunue jengine mpaka ameiwasha.